Injini Iliyokosa wa Kuisimamia

Arvella Odom alikuwa amechoka, na hakuona haya kusema hivyo. Alisema asubuhi akivaa soksi, akasema tena akifungua mlango wa gereji, na sasa, ameinama juu ya injini na kopo la oili mkononi, alisema kwa mara nyingine ingawa hapakuwa na wa kumsikia isipokuwa gari lenyewe.

"Nimechoka na wewe. Nakunywesha kama mgonjwa, na kesho utataka tena."

Lilikuwa gari dogo la rangi ya kahawia, la miaka ya sabini, limeliwa na kutu chini ya milango kwa ile chumvi ya kuyeyusha barafu inayomwagwa barabarani Michigan kila majira ya baridi. Ndani yake mlikuwa na injini ya silinda nne, ya aluminiamu, ambayo Kampuni iliitangaza kwa mbwembwe kuwa injini ya zama mpya. Watu wa kiwandani walioiunda waliiita Kibiriti kwa udogo wake. Walioinunua waliipa majina mengine, ambayo mtu mwenye adabu hayaandiki. Kibiriti kilikula oili, kikafuka moshi, kikachemsha, na vingi vikanoki, vikafa kabisa, kabla mwenye gari hajazoea harufu ya viti vipya. Kampuni ikafunga laini ya kuunda injini ile ikarudi kwenye injini zake kubwa za V8, na tangu hapo ukitaka kumkera mtu wa mji ule, muulize Kibiriti hakijambo.

Hiki cha Arvella hakikunoki. Hakikunoki kwa sababu alikilea. Kila wiki alikiongezea oili, kila Jumapili alikwenda nacho kanisani, na majirani walijua ibada imekwisha kwa moshi wa bluu unaokata kona. Wanawe, waliohamia majimbo yenye jua, walimpigia simu kumwambia auze. Angemuuzia nani? Na hata angepatikana mjinga wa kununua, Arvella asingeuza, kwa maana pistoni zilizokuwa ndani ya injini ile huenda alizifunga kwa mikono yake enzi zake kiwandani, na huenda kichwa cha injini hiyo kilikazwa na mumewe, Clifton.

Hapo ndipo palipomuuma. Kiwanda kilikuwa na desturi yake. Kila mwaka, Jumamosi ya kuelekea Sikukuu ya Wafanyakazi, mwanzoni mwa Septemba, wastaafu walikusanyika uwanja wa nyuma wa ukumbi wa chama chao. Injini zote zilizopata kuundwa kiwandani zilipangwa mstari mmoja, za kale kwanza, kila moja juu ya kigari chake cha chuma, zikawashwa moja baada ya nyingine. Injini inapounguruma, walioiunda husimama mpaka izimwe, na waliosimama huita majina ya wenzao waliokufa, kwa sauti ya kuishinda injini. Sauti ikishindwa, umati hupiga kelele, "Hatujasikia!" Ikishinda, umati hujibu, "Alikuwepo!" Jina la mtu huitwa kwenye injini aliyoiunda yeye, si kwenye nyingine yoyote. Na kulikuwa na sharti moja lisilochezewa: injini haiwashwi mpaka wajitokeze wawili walioiunda. Mmoja anaweza kuwa mwongo, walisema wazee walioanzisha mambo hayo, lakini wawili wataumbuana.

Clifton hakuunda injini nyingine. Alianza kazi na Kibiriti na akaisha nacho. Laini ilipofungwa aliachishwa, akakaa nyumbani, na majira ya baridi yaliyofuata alianguka mbele ya nyumba akiwa na koleo la theluji mkononi, moyo umekataa. Jina lake halikuwahi kuitwa uwanjani hata mara moja, kwa sababu Kibiriti hakikuwahi kuwashwa kwenye mstari. Mwanzoni ilikuwa aibu. Nani angejitokeza kukisimamia mbele ya watu wenye V8? Kisha aibu ikazeeka, na watu nao wakazeeka, wakafa. Walioiunda na kubaki hai walikuwa wawili tu, Arvella na shemeji yake Dewey, mdogo wa Clifton.

Na mwaka huu ulikuwa wa mwisho. Ukumbi ulikuwa umeuzwa.

Honi ililia nje. Dewey hakuwa mtu wa kubisha mlango. Alikuwa na pikapu kubwa yenye injini ya V8 na alitaka isikike. Aliingia gereji na ndoo ya pichi, mwili mpana, shati limepigwa pasi kali kama anakwenda kuoa.

"Nimeona moshi, shemeji, nikajua upo."

"Na mimi nimesikia kelele nikajua ni wewe. Weka hapo. Ni za kesho?"

"Za kesho. Na sukari usiibanie. Mwaka jana ule mkate wa pichi ulikuwa wa kuwatibu watu, si wa kuwalisha."

"Una kisukari, Dewey."

"Ni changu, niachie."

Alikalia kasha lililopinduliwa. Arvella akafunika kopo la oili, akajifuta mikono taratibu, kidole kimoja kimoja, akitafuta namna ya kusema jambo alilolisema kila mwaka. Hakupata namna mpya.

"Kuhusu kesho."

"Usianze."

"Sianzi. Namalizia. Mimi nilianza zamani."

"Shemeji."

"Usimame nami, Dewey. Dakika moja. Kiwake, tumwite kaka yako, tukae. Baada ya hapo hutanisikia tena mpaka unizike."

Dewey alilitazama gari kwa jicho la mtu anayetazama mbwa aliyemng'ata mwanawe.

"Kidude hiki kilimuua kaka yangu," alisema. "Kilimtoa kazini, kikamkalisha kwenye kiti pale dirishani, anahesabu magari ya watu wanaokwenda kazini. Mtu aliyekuwa akicheka mpaka majirani wanagonga ukuta! Halafu unataka nisimame mbele yake nikipigie saluti?"

"Si kwa ajili yake. Kwa ajili ya Clifton."

"Clifton namtaja kila Jumapili kanisani."

"Kanisani unamtajia Mungu, na Mungu anamjua. Mimi nataka atajwe mbele ya watu."

Dewey akajikinga kwa uenyekiti wake wa shughuli ya kesho, kama wenyeviti wote. "Mwaka huu nimemkatalia hata mzee Ollie. Unajua? Mwenzake wa mwisho kafa mwezi wa nne. Ile injini bapa ya zamani, babu wa injini zote, itakaa pale kimya na mzee wa watu kaishikilia. Nikikuvunjia wewe sharti kwa sababu ni shemeji yangu, nitamtazama vipi?"

"Nimekuambia uvunje sharti? Nimekuambia usimame. Sharti linataka wawili. Wawili tupo."

"Mimi ni mtu wa V8."

"Kabla ya V8 ulikuwa nani? Ni nani aliyekuwa akiviwasha vyote hivi mara ya kwanza, kila kimoja, kabla havijatoka mlangoni? Mtoto akikunyea kiganja hukikati, Dewey."

"Huyu alininyea mpaka kwapani," Dewey alisema, na Arvella, ingawa alikuwa na hasira, alicheka. Dewey naye alicheka. Halafu akainuka, akajikung'uta suruali. "Pichi zioshe vizuri," alisema, akaenda zake. Pikapu ikanguruma mtaa mzima.

Arvella alibaki amesimama pale, magoti yanamuuma. Hakuwa amekasirika tena. Alikuwa amechoka tu, ule uchovu usiomalizwa na usingizi, wa kuomba kitu kimoja kwa mtu mmoja muda wote huo na kurudishiwa utani. Alimpenda Dewey. Hilo nalo lilimchosha.

Usiku aliamua kutokwenda. Asubuhi akapika mkate wa pichi, akatia sukari kama alivyoagizwa, akaufunga kwa taulo, akaingia garini akaenda.

Alipofika uwanjani samaki walikuwa tayari wanaruka kwenye mafuta, na wazee wanne walikuwa wanagombana juu ya karata kana kwamba kuna nyumba imewekwa rehani. Arvella aliliendesha gari pole pole kwenye lami, moshi unamfuata, akaliingiza kwenye mstari wa injini, mahali palipokuwa wazi kati ya ile ya silinda sita na ile V8 kubwa. Pale palikuwa wazi siku zote. Hakuna aliyewahi kusema ni pa nani.

"Arvella!" aliita Bernice Quarles kutoka kwenye karai la samaki. "Ungesema unakuja na moshi wako, nisingewasha mkaa!"

"Samaki wa kukaanga hawataki moshi, Bernice. Ndiyo maana wako hawana ladha."

Watu wakacheka. Dewey, aliyekuwa akikagua waya za betri, aliliona gari, akaliona pengo lililojazwa, akageukia upande mwingine.

Walianza. Injini bapa ya zamani, nyeusi ya chuma cha kale, ilifunikwa turubai. Pembeni yake alikaa mzee Ollie Threadgill kwenye kiti cha magurudumu, mtu mzee kuliko wote pale, mkono wake juu ya turubai. Dewey aliuliza kama sharti linavyotaka: "Nani anaisimamia?" Mzee Ollie aliinua kidole. "Nani wa pili?" Hakuna aliyejibu. Dewey alivua kofia, akasubiri kwa heshima, akaivaa, akasogea. Mzee Ollie alishusha kidole chake akakiweka juu ya turubai pamoja na vingine.

Iliwashwa ya silinda sita za mstari, ile iliyoendesha teksi na magari ya posta, injini isiyo na makuu. Ilikoroma kwa utulivu. Watu kadhaa wakasimama, wakaita majina, na umati ukajibu, "Alikuwepo! Alikuwepo!" Bernice aliita la mumewe na mwiko mkononi.

Dewey alilipita gari la kahawia kama mtu mwenye deni anavyolipita duka, akaenda kwenye V8. Nusu ya uwanja ilisimama. Ile injini iliponguruma, vikombe vilitembea mezani. Dewey aliita majina kwa kifua chote, na hakuna aliyethubutu kusema hajasikia. Arvella alisimama pia, kwa maana naye alihamishiwa huko miaka yake ya mwisho. Aliwaita rafiki zake waliokufa. Alijibiwa vizuri. Akakaa, na moyo wake haukupata kitu.

Zilipokwisha zile mpya, ndogo ndogo, zinazowaka bila kelele, Dewey alipiga makofi. "Haya. Tukale."

"Bado moja," alisema Arvella.

Alikuwa amesimama kwenye mlango wa gari lake, amelishika paa. Watu waliokuwa wamekwisha kuinuka na sahani walizishusha. Dewey alikuwa mwenyekiti, na mwenyekiti hana budi kuuliza. Aliuliza akiitazama lami.

"Nani anaisimamia?"

"Mimi."

"Nani wa pili?"

Samaki walilia kwenye mafuta. Mtu alikohoa. Hata wale wachanga wa kustaafu, wasiojua vizuri habari ya Kibiriti, walijua ni nani asiyejibu. Dewey alivua kofia, akasubiri. Kisha akaivaa.

"Haina wa pili," alisema. "Haiwashwi."

Arvella aliitikia kwa kichwa. Alihisi kitu kikimshuka kutoka mabegani mpaka magotini, na hakikuwa hata uchungu. Aliinama akautoa mkate wa pichi kwenye kiti, akampa Bernice.

"Basi mimi nakwenda nyumbani. Sina haja ya kula."

"Usiondoke hivyo, mwenzangu."

"Nimechoka, Bernice. Naenda kulala. Na gari halitarudi kwa kusukumwa, kwa hiyo mnisamehe kelele."

Aliingia, akazungusha ufunguo. Stata ikalia, injini haikushika. Kibiriti kilikuwa na tabia hiyo: kikiwa cha baridi kinawaka, lakini kikishapata moto kisha kikazimwa juani, petroli hukijaa kooni, na hapo kinakuwa mtoto mwenye kisirani. Arvella aliijua tabia hiyo. Siku nyingine yoyote angekumbuka la kufanya. Siku ile alikanyaga, akaachia, akakanyaga, akaachia, machozi yanamtoka, na kila alipokanyaga alizidi kukishibisha.

"Kipe oili!" alipiga kelele mmoja kwenye meza ya karata.

"Kipe pensheni!" akajibu mwingine, na watu wakacheka, si kwa ubaya, ila kucheka ni kucheka. Stata ilianza kulia kwa kuvuta, betri inachoka nayo.

Dewey alikuwa ameshika sahani. Alisikia ule mlio kama mtu anavyosikia kijiko kikikwaruza sufuria, na uso ukamkunjamana. Alivumilia. Stata ikalia tena. Akavumilia. Mguu wa Arvella ukapiga pedeli tena, na hapo Dewey akashindwa.

"Acha kukanyaga-kanyaga!" alifoka. "Kimeshiba hicho! Utakizamisha!"

Sahani aliiacha mezani bila kuangalia ilipotua. Alikatiza lami kwa hatua kubwa, akainua boneti, akafungua mfuniko wa kichujio cha hewa bila kutafuta kifungio kilipo, akaingiza kidole kwenye koo la kabureta, akalishikilia liwe wazi. Mkono wa pili aliuinua juu, kiganja kimefunguka, ili aliye kwenye usukani auone.

"Kanyaga mpaka chini. Chini kabisa. Ukae hapo hapo, usicheze. Subiri." Kiganja kilisubiri hewani. "Sasa!"

Kibiriti kikapiga chafya, kikatikisika, kikashika. Moshi wa bluu ulitoka nyuma ukazifunika meza, na watu wakapunga sahani mbele ya nyuso zao. Dewey hakuuona. Aliinama na sikio upande mmoja, kiganja juu ya kifuniko cha vali, akisikiliza kwa mkono, kama alivyofanya kwa kila kimoja kilichotoka kwenye laini ile, zamu baada ya zamu, na kaka yake hatua chache nyuma akimpigia miluzi afanye haraka.

Arvella alikuwa ameshuka. Alisimama mlangoni. Aliogopa kusema.

"Dewey!"

Ilikuwa sauti ya mzee Ollie Threadgill, nyembamba, inayopanda juu ya kelele. Alikuwa amejisogeza na kiti chake mpaka kwenye ukingo wa moshi.

"Umesimama, Dewey."

"Nimekuja kukiwasha tu, mzee. Aende nyumbani."

"Sikukuuliza umekuja kufanya nini. Injini inawaka, na nawaona walioiunda wawili wamesimama. Macho yangu mabovu, lakini mpaka mbili nahesabu."

Dewey alijinyoosha. Angeweza kurudi nyuma hatua moja. Kila mtu aliona kwamba angeweza, na aliona kwamba wanaona. Aliitazama mikono yake iliyokuwa na mafuta mpaka kwenye ile pasi kali ya shati, akakasirika, akafunua mdomo kama anayetaka kumtukana mtu.

"Clifton Odom," alisema.

Sauti ilikatika katikati, na Kibiriti kikaimeza. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema hajasikia. Ni mzee Ollie, ambaye injini yake haikuwashwa siku ile na isingewashwa tena, aliyejaza kifua chake kidogo na kufanya kama desturi inavyotaka.

"Hatujasikia!"

"Clifton Odom!" Dewey alinguruma, machozi yanamchuruzika waziwazi mpaka kidevuni. "Kaka yangu! Clifton Odom!"

"Alikuwepo!" uwanja ulijibu, na Bernice alilijibu lake peke yake baadaye, akiwa amechelewa. "Alikuwepo!"

Ilikuwa zamu ya Arvella kuita linalofuata. Majina aliyabeba kichwani miaka yote, akiyarudia akiosha vyombo ili yasimpotee, kwa kuwa aliamini yamebaki kwake peke yake. Kabla hajafumbua mdomo Dewey aliita la pili. Akaita la tatu. Aliita yule aliyekuwa akilala chooni na yule aliyekwenda vitani akarudi bila sikio, kwa mpangilio waliokuwa wakisimama kwenye laini, bila kuruka mtu, kana kwamba naye aliyarudia mahali fulani asikoonekana.

Desturi ilitaka walioiunda wasimame mpaka injini izimwe. Arvella alikaa. Alikaa kwenye kiti cha gari, mlango wazi, miguu nje juu ya lami, akaegemeza kichwa, na injini ikamtikisa taratibu kutoka chini. Hakuna aliyemwambia ainuke.